Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya: tufungulieni kumbukumbu za likopodi

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Nakuandikia kutoka Muheza, mkoani Tanga, ninakofundisha biolojia. Hebaria ya Afrika Mashariki, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, iliyo chini ya taasisi yako ilianzia huku kwetu, Amani, mwaka 1902, ikahamishiwa Nairobi mwaka 1950. Leo ina takribani sampuli milioni moja. Siombi zote. Naomba likopodi tu: karatasi ilimobandikwa zipigwe picha, na lebo zake ziwekwe mtandaoni pasipo malipo.

Mimea hii haina maua wala mbegu; huzaliana kwa spora, chembe ndogo kama vumbi, na ukoo wake umekuwepo duniani kwa zaidi ya miaka milioni 400. Huku Usambara baadhi huning'inia juu ya miti mikubwa ya msituni. Mti ukiangushwa, nayo huanguka. Kwa hiyo lebo yenye tarehe, mahali na mwinuko ni shahidi wa msitu uliokuwepo, hata kama leo pale pamelimwa chai. Na kwa likopodi aitwaye Phlegmariurus saururus wa nyanda za juu za Mlima Kenya na Kilimanjaro, mwinuko ulioandikwa zamani ndio kipimo cha kujua kama mmea umehama kadiri joto linavyopanda.

Kinachonisumbua zaidi ni majina. Carl Holst alikusanya mimea Usambara mwanzoni mwa miaka ya 1890, na likopodi mmoja una jina lake hadi leo. Lakini mmea huohuo umeitwa Lycopodium holstii, kisha Huperzia holstii, sasa Phlegmariurus holstii. Mwanafunzi wangu akitafuta kwa jina jipya pekee, karatasi za zamani zitampita. Naomba majina yote matatu yaunganishwe, wala lile la kwanza lisifutwe.

Vivyo hivyo majina ya mahali. Mto wetu wa Zigi uliandikwa Sigi, na si peke yake. Wako wazee Amani wanaojua kila kilima na kijito kwa majina ya zamani, na hawatakuwepo milele. Tutumieni picha za lebo zilizowashinda kusoma. Mimi na wanafunzi wangu tutakaa nao, tutaziandika upya na kuwarudishia.

Jamii hii ni ndogo, kazi yake inamalizika. Anzeni nayo mwaka huu.

Kwa heshima na taadhima,
Mwalimu wa biolojia, Muheza