Kimo cha kenchi: gawa kitako kwanza

Wateja wengi wanaoagiza kenchi (fremu ya mbao ya pembetatu inayobeba paa) hutuletea vipimo viwili: urefu wa kitako, yaani mbao ya chini, na urefu wa mbao za mteremko. Kimo hawana, maana paa lenyewe bado halijasimama na hewani hakuna pa kushikiza tepu. Msihangaike. Vipimo hivyo viwili vinatosha, mradi viwe sahihi.

Chukua kenchi yenye kitako cha mita 8 na mbao mbili za mteremko, kila moja mita 5. Ukishusha mstari wima kutoka kileleni, unakikata kitako katikati na kupata pembetatu mbili zenye pembe mraba. Hapo kanuni ya Pythagoras inaingia: mraba wa upande mrefu ni sawa na jumla ya miraba ya pande mbili zilizobaki. Upande mrefu ni 5, nusu ya kitako ni 4. 25 toa 16 ni 9, na kipeuo cha pili cha 9 ni 3. Kimo ni mita 3.

Ukisahau kugawa kitako utagundua mapema, maana 25 toa 64 inakupa hasi. Kosa linalotuumiza zaidi ni lile lisilojionyesha: kupima mbao ya mteremko mpaka ncha yake inayotokeza nje ya ukuta. Tuseme mbao hiyo hiyo ni mita 5.6, na sentimita 60 ni za nje. Mtu akitumia 5.6, anapata 31.36 toa 16, yaani 15.36, na kimo kinakuwa karibu mita 3.92. Sentimita 92 zimeongezeka bure, na hesabu yote inaonekana safi kabisa! Kwa hiyo tafadhali pima kutoka kileleni hadi mbao inapokutana na kitako. Sehemu ya nje iandike peke yake.

Kama miteremko yako miwili hailingani, usigawe kitako nusu kwa nusu, maana kilele hakiko katikati. Tuletee pande zote tatu. Kwa mfano, kitako cha mita 4.2 chenye miteremko ya 3.9 na 4.5 hukatwa mita 1.5 kutoka upande wa mteremko mfupi, na kimo chake ni mita 3.6.