Chumba cha injini hakimalizwi kwa makopo mawili ya rangi

Ndugu Mhariri,

Makala ya ukurasa wako wa magari iliyomhimiza mwenye gari apake mwenyewe rangi ndani ya chumba cha injini, makopo mawili na Jumamosi moja tu, imeruka karibu kazi yote. Barua iliyoijibu, iliyotaka kila kitu apewe mtu wa gereji, nayo imekosea kwa upande wake. Zote mbili zimechukulia kwamba kazi hapa ni kupuliza rangi. Kupuliza ndiko kufupi kuliko yote: makoti matatu, ukihesabu na muda wa kusubiri kati yake, hayazidi saa mbili. Kinachokula siku ni kufungua, kusafisha, kufunika na kurudisha, na hizo ndizo saa ambazo gereji inakutoza.

Tuanze na usafi, maana rangi nyingi huharibikia hapo kabla kopo halijafunguliwa. Uchafu wa chumba cha injini si vumbi. Ni oili iliyopikwa na joto kwa miaka, grisi, majimaji ya betri, na zile dawa za kung'arisha plastiki ambazo nyingi zina silikoni. Ukianza na msasa, unayasukuma mafuta ndani ya mikwaruzo na kuyatoa humo ni shida. Kwa hiyo kuosha kwanza, msasa baadaye. Injini iwe imepoa kabisa. Altaneta, boksi la fyuzi na tundu la kuingizia hewa vifungwe kwa mifuko ya plastiki. Dawa ya kuondoa grisi ipakwe, ikae dakika chache bila kuachwa ikauke, isuguliwe kwa brashi, kisha ioshwe kwa maji ya mpira wa kawaida. Mashine ya presha hapana: inapenyeza maji kwenye plagi za nyaya, na matokeo yake huonekana siku kadhaa baadaye, taa ya injini inapowaka na hakuna anayeikumbuka ile siku ya kuosha.

Halafu fanya kipimo hiki. Mwagia bati kikombe cha maji safi. Maji yakitandaa kama shuka na kubaki hivyo nusu dakika, bati liko tayari. Yakijikunja kuwa matone kama juu ya jani la gimbi, mafuta bado yapo, rudia. Ukipuliza rangi juu ya silikoni, itajifungua vishimo vidogo vya mviringo mbele ya macho yako, na koti la pili haliviziba. Hapo ni kuacha ikauke na kukwangua.

Kufungua kuna kiwango cha chini ambacho chini yake hakuna maana ya kuanza. Betri na sinia lake, tanki la maji ya waipa, boksi la kichujio cha hewa, tanki la akiba la maji ya rejeta, kufuli ya boneti, na vibanio vyote vinavyoshikilia nyaya ukutani. Betri uitoe kwa kuanza na ncha ya hasi, na usubiri dakika kadhaa kabla ya kugusa vihisi vya mifuko ya hewa vilivyo mbele ya gari. Kila plagi ipigwe picha kabla haijachomolewa. Bolti za kila kifaa ziwekwe kwenye mfuko wake wenye jina, si zote kwenye kopo moja, kwa sababu bolti mbili za unene mmoja zinaweza kutofautiana urefu, na ile ndefu ikiingia pasipo pake hutoboa kitu.

Vingine usivifungue nyumbani. Mabomba ya gesi ya kiyoyozi yana shinikizo. Yafunike na uyapitie pembeni. Mabomba ya breki ukiyafungua umeingiza hewa na umejipa kazi nyingine. Gari la mseto (petroli na umeme) au la umeme tupu lenye nyaya za rangi ya chungwa liachie aliyesomea umeme huo, hata kama kinachotakiwa ni kuusogeza waya kidogo tu.

Fungu kubwa la nyaya halihitaji kutolewa. Linavuliwa vibanio, linainuliwa, linaning'inizwa kwa kamba, na ukuta wa nyuma yake unabaki wazi. Mabomba ya mpira na vitu vyenye umbo la ajabu vivishe karatasi ya foili ya jikoni: inafuata umbo lenyewe na haihitaji tepu nyingi. Magazeti, na hapa uniwie radhi Mhariri, si ya kufunikia: thina, kile kiyeyushi cha rangi, huyapenya na wino wake hushika kwenye rangi mbichi.

Kutu nayo ina makazi yake. Chini ya sinia la betri asidi hula bati. Kabla ya msasa, mwagia magadi yaliyoyeyushwa katika maji hadi povu likome, kisha osha vizuri. Chini ya masta silinda, yaani pampu kuu ya breki, utakuta rangi imevimba na kuchanika kama ngozi iliyoungua. Hiyo si kutu iliyoanza yenyewe. Ni mafuta ya breki yanayovuja, na mafuta ya kawaida ya breki huyeyusha karibu kila rangi ya gari. Ukipaka juu yake bila kubadilisha sili (mpira wa kuzuia mafuta) inayovuja, rangi mpya itavimba palepale. Mahali pa tatu ni vichwa vya shokapu, pale zinapofungwa kwa bolti tatu au nne juu ya madigadi ya ndani. Hapo panabeba uzito wa gari. Kutu ikiwa imetoboa, usizibe kwa puti (lipu ya kujazia bati), na wala usilipeleke gari kwa fundi rangi. Lipeleke kwa mchomeleaji anayejua bodi, halafu ndipo rangi izungumzwe.

Penye kutu anza na msasa namba 80 hadi bati ling'ae, lainisha kingo kwa 180, paka praima ya epoksi, yaani koti la msingi la kushika bati, siku hiyohiyo kabla bati halijaanza kushika kutu tena, kisha maliza kwa 400 hadi 600 kabla ya rangi. Penye rangi nzima ya kiwandani huna haja ya kuikwangua yote. Ipoteze mng'ao tu kwa dodoki la kusugulia la kijivu, ambalo linaingia kwenye kona ambako msasa hukunjika. Kona iliyobaki inang'aa ndiyo itakayobanduka, na chumba cha injini ni kona tupu.

Sasa rangi yenyewe. Wengi huuziwa rangi ya kuhimili joto la nyuzi 600 kwa ajili ya kuta za chumba cha injini. Hiyo ni ya manifoldi ya ekzosi, mabomba ya kutolea moshi kwenye injini. Rangi ya aina hiyo hukomaa kwa kupashwa joto kali, na juu ya bati ambalo halifikii joto hilo hubaki laini, inachunika kwa ukucha. Kuta za chumba cha injini hutosheka na rangi ileile ya bodi. Msimbo wa rangi upo kwenye kibati cha gari, mara nyingi kwenye nguzo ya mlango au ndani ya chumba chenyewe. Ila kuna jambo: magari mengi yalitoka kiwandani bila klia (koti la juu lisilo na rangi) humo ndani, au rangi ikiwa imefifia kuliko ya nje. Ukiweka klia yenye kung'aa kama ya boneti, si kosa, lakini anayejua gari hilo atatambua mara moja kwamba pamerudiwa.

Tofauti ya maana zaidi ni kati ya rangi ya kopo isiyo na hadena, dawa inayochanganywa na rangi ili ikomae, na ile yenye hadena. Ya kwanza hukauka kwa sababu viyeyushi vyake vimeondoka hewani. Petroli au mafuta ya breki yakimwagika, inalainika tena. Ya pili hufungamana kikemikali na kustahimili zaidi petroli, oili na usafishaji. Zipo za makopo pia, zenye kitufe cha kupasulia hadena ndani. Ukishakipasua, kopo lina siku moja au mbili, baada ya hapo ni la kutupa. Kopo la mililita 400 linafunika takriban mita moja ya mraba hadi moja na nusu kwa makoti mawili, kwa hiyo chumba cha gari dogo pamoja na upande wa ndani wa boneti kinataka makopo mawili ya praima, matatu au manne ya rangi, na mawili au matatu ya klia. Ndiyo hesabu ambayo makala yako haikuifanya.

Lakini hadena hiyo ina isosayaneti, kemikali inayoweza kumpa mtu pumu isiyomtoka. Haina harufu kali ya kukuonya. Barakoa ya karatasi ni kujidanganya; anayepuliza anahitaji kinyago kinacholetewa hewa safi kwa mpira, suti na miwani, mahali penye feni ya kuvuta hewa. Hapo ndipo mimi naona mpaka wa kazi ya nyumbani. Sababu si ufundi wa mkono, kwa maana rangi ikichuruzika kidogo nyuma ya betri haimsumbui mtu. Sababu ni mapafu, yako na ya aliye dirisha la jirani.

Kwa hiyo njia ninayoitetea ni ya kugawana. Mwenye gari afungue, aoshe, akwangue na kufunika, gereji ipulize, mwenye gari arudishe vitu vyake. Tatizo moja la njia hii halitajwi: gari lililofunguliwa haliendi lenyewe. Linahitaji kubebwa, au fundi akubali kuja na kompresa, na akija nje ya chumba cha rangi, swali la hewa na majirani linarudi.

Ukiamua gereji ifanye yote, usiulize bei kabla hujauliza watafungua nini. Orodha iandikwe kwenye karatasi ya makubaliano: betri inatoka au haitoki, nyaya zinainuliwa au zinafunikwa zilipo, praima gani kwenye bati tupu, nani anarudisha na nani anaondoa hewa kwenye mfumo wa rejeta kama mpira wowote umevuliwa. Mpulizaji rangi si lazima awe fundi umeme. Kazi ya haraka utaitambua kwa kufungua boneti: mipira ina vumbi la rangi, kichwa cha bolti na bati vina rangi moja isiyokatika, na ukivuta fungu la nyaya pembeni unakuta mstari wa rangi ya zamani nyuma yake. Uliza pia kama wana bunduki ndogo ya kupulizia rangi yenye tundu la milimita 0.8 hadi 1.0. Ile kubwa ya kupakia milango hutoa upepo mwingi, na kwenye kona upepo hurudi na rangi ikaanguka kavu kama unga. Anayejua huanza na kona na sehemu za chini, presha ikiwa ndogo, kisha humalizia kwenye bati pana.

Vitatu visipakwe kamwe, awe anayepuliza ni nani: namba ya chesisi iliyogongwa kwenye bati, vibandiko vya maelezo, na sehemu za bati ambapo hufungwa waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye betri kupitia bodi. Rangi haipitishi umeme. Ethi ikifungwa juu yake, stata itazunguka kivivu, taa zitafifia, na utanunua betri ambayo hukuihitaji. Zizibe kwa tepu ya karatasi iliyokatwa duara, au zikwanguliwe hadi bati ling'ae kabla waya haujarudi.

Mwisho, kurudisha. Rangi yenye hadena katika nyuzijoto 20 hushikika kesho yake, lakini huchukua kama wiki kukomaa. Ukikaza bolti yenye washa (kile kiduara cha chuma chini ya kichwa chake) siku ya pili, washa huisokota rangi na kuibandua kwa duara, na kutu huanzia hapo. Kaza kwa mkono kwanza, vile visivyobeba uzito, kisha rudi na spana wiki ikiisha. Ya kopo isiyo na hadena ingoje zaidi.

Wako,
Fundi wa bodi na rangi