Salamu za Noeli kutoka Kamati ya Majengo ya Kanisa la Moravian, Rungwe

Mwanakondoo wetu ameshinda, tumfuate! Wapendwa, tunawatakia heri ya Noeli na mwaka mpya wenye baraka, ninyi mlioko nyumbani na mlio Mbeya mjini, Dar es Salaam na kwingineko.

Mwaka umetubana. Saruji juu, bati juu, nauli tusiseme. Na tumempumzisha kaburini fundi wetu mzee wa chokaa. Mwandishi wa salamu hizi bado huitafuta namba yake kwenye simu kila aonapo ufa.

Tangu mmisionari Theodor Meyer na wenzake wa Kimoravian wafike Rungwe mwaka 1891, mvua ya huku ndiyo imekuwa mkaguzi wa kila jengo. Kuta za kanisa letu ni nene, za matofali laini ya tanuru, zimejengwa kwa udongo na chokaa. Hunywa maji masika, huyatoa jua likiwaka. Waliopiga lipu ya saruji ukuta wa nyuma walidhani wanaukinga. Maji yakapenya kwenye nyufa, yakakosa pa kutokea, na sasa tofali linamomonyoka ndani. Gongeni mtasikia: lipu inalia tupu.

Lipu hiyo itabanduliwa kiangazi, si sasa. Viungo kati ya matofali vitakwanguliwa kina cha sentimita 2 hadi 3, vinyunyiziwe maji, vijazwe chokaa ndoo 1 kwa mchanga safi ndoo 3, kisha vifunikwe magunia mabichi wiki nzima. Chokaa ikikauka haraka hugeuka unga.

Wapo wanaotaka sadaka ya Noeli inunue marumaru ya madhabahuni. Ndugu, Bwana alizaliwa zizini! Wamoravian, na Wamethodisti ambao mwanzilishi wao John Wesley alijifunza mengi kwetu, walisali ndani ya kuta nyeupe zisizo na urembo. Tutubu tamaa ya kung'aa huku kenchi, mbao zinazobeba paa, zinaoza. Gata za maji ya paa kwanza, zenye mteremko wa sentimita 1 kila mita 2. Kisha udongo uliorundikana ukutani uondolewe hadi uwe sentimita 15 chini ya sakafu, bila kufukua msingi.

Ndaga fijo, asanteni sana, kwa michango yenu. Mungu awajalie Noeli ya amani. Kazi ya udongo ni Jumamosi ya kwanza ya Januari, saa moja asubuhi. Kila jumuiya ije na majembe na toroli.