Gorogoro ibaki, iliyobondwa ndio iondolewe

Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji mwenzangu akitaka gorogoro, ule mkebe wa kupimia nafaka sokoni, ipigwe marufuku masoko yote ya Nairobi juu eti ni kipimo cha kishamba na Wazungu waliacha hayo mambo kitambo. Hapo nimeshindwa kunyamaza.

Huko Ulaya ya zamani biashara ya manyoya ilikuwa ya pesa nzito, ngozi za kindi, kicheche na wanyama wengine wadogo zinatoka Novgorod kule Urusi mpaka zinafika London, na zilikuwa zinauzwa kwa hesabu. Kipimo kilikuwa timba, yaani ngozi 40, ama jozi 20, kwa Kiswahili chetu korija mbili. Wajerumani walisema Zimmer na ni hizo hizo 40. Warusi nao mpaka leo 40 wanaiita sorok, jina halifanani kabisa na 30 wala 50 yao, na wengi waliochunguza wanasema lilitokana na mfuko wa ngozi 40. Yaani soko limeingia mpaka kwa hesabu ya lugha! Kitabu cha mfalme wa Uingereza cha 1086 kinaandika mji wa Chester ulikuwa unalipa pauni 45 na timba tatu za ngozi. Ngozi kubwa za ng'ombe nazo zilienda kwa kumi kumi, na kuna bidhaa ambazo "mia" ilikuwa 120. Na usione 40 ni nyingi, nguo za seti moja tu za Mfalme Henry IV zilimeza kindi 12,000.

Sasa huo ni ushamba? Kipimo ni makubaliano, muuzaji na mnunuzi wote wanajua ni ngapi, basi.

Shida yetu ni ingine. Juzi nimenunua maharagwe gorogoro mbili, kufika nyumbani nikapima na mkebe wangu, zikapungua karibu kikombe kizima. Kitako cha ule mkebe wa sokoni kilikuwa kimebondwa kikaingia ndani na juu kumejazwa mlima mzuri wa kudanganya macho. Mama mwenye watoto wanne hicho kikombe ni chakula cha mtu.

Kwa hivyo naomba wakaguzi wa vipimo wapite sokoni na mkebe mmoja mzima wenye muhuri, wapimie hapo hapo mbele ya wateja, na waje saa kumi na mbili asubuhi wakati magunia yanafunguliwa, sio saa nane tumeshanunua.

Mnunuzi wa kila wiki,
Nairobi