Barua kwa mtoto wa dada yangu anayetaka kuwa polisi

Mwanangu,

Jumapili ulipokuja kula bukari, ugali wetu, kwangu, ulivua viatu mlangoni nikaona kisigino cha kulia kimelika hadi kwenye kitambaa. Nikajua kabla hujafungua mdomo. Kiatu hakiliki vile kwa kutumwa sokoni. Baadaye, sahani zikiwa bado mezani, ukatuambia: kila alfajiri unakimbia barabara ya Kasapa, unapita chuo kikuu, unarudi, unapiga pompe (pushapu) 100 kabla ya chai, tangazo la kuandikisha polisi likitoka tu, wewe wa kwanza.

Mama yako alinyamaza. Mimi nikakuuliza habari za daftari, "Na kaye yako iko wapi?" Ukanijibu, "Kaye ya nini, mama mudogo? Minaenda ku polisi, haiko ku masomo." Nikacheka. Ukadhani nakudharau, ukaondoka sombe, majani yetu ya muhogo, ikiwa nusu sahani. Kwa hiyo nakuandikia, tena hadharani, maana kila mtaa wa Lubumbashi, Katuba hadi Ruashi, una kijana mwenye viatu kama vyako.

Unajua nilifanya kazi miaka 19 kwenye masijala ya mashtaka. Wapi, sitasema. Nilipokea makaratasi kutoka polisi, nikayapa namba, nikayapeleka kwa majistra wa mashtaka. Katika miaka hiyo yote sikuona polisi hata mmoja akikimbia. Niliwajua kwa mwandiko. Kulikuwa na mmoja aliyeandika herufi ndogo kama mchele, hata jina la mtoto wa mlalamikaji hakulisahau, na dosiye zake, yaani mafaili ya kesi, hazikurudishwa. Kulikuwa na mwingine, jitu la miraba minne, sifa zake zilijaa mji mzima kwa kukamata wezi. Dosiye zake zilirudi kama mpira wa ukutani.

Karatasi yenyewe ni PV, yaani procès-verbal. Umeisikia tangu utoto, ila sidhani kama umewahi kuishika. Ni hati inayosema nani alifika, saa ngapi, alisema nini, kilionekana nini, kilikamatwa nini, mikononi mwa nani. Sheria yetu ya Kongo ya utaratibu wa mashtaka ya jinai, ile dekreti ya tarehe 6 Agosti 1959, inataka PV imalizike kwa kiapo cha maandishi: naapa kwamba hati hii ni ya kweli. Sio maneno ya urembo. Mwandishi wa PV anaapa kila anapoandika, siku nyingine mara tano kabla ya jua la saa sita. Hata bwana harusi huapa mara moja tu.

Sasa nikusimulie pampu. Mzee mmoja aliibiwa pampu ya maji. Kijana akakamatwa nayo, watu wakashangilia, akapelekwa polisi, na baadaye dosiye ikanifikia. PV ilikuwa na mistari minane. Ilisema mtuhumiwa "alikamatwa na kitu". Kitu gani? Haikusema, ingawa pampu yenyewe ilikuwa imewekwa sakafuni karibu na miguu yangu. Siku ya kukamatwa ilikuwepo, saa haikuwepo. Na Katiba ya 2006, ibara ya 18, inasema mtu hawezi kuzuiliwa polisi kupita saa 48. Zikiisha, ama anaachiliwa, ama anakabidhiwa kwa mamlaka ya sheria. Saa 48 utazihesabu kuanzia wapi, kama hakuna aliyeandika saa ya kwanza? Majistra aliuliza hivyo hivyo. Kijana akaenda zake. Mzee akakaa kwenye benchi letu hadi tunafunga ofisi.

Huenda kijana yule hakuwa mwizi kabisa. Nililiwaza sana. Karatasi ile haikuweza kunionyesha wala hatia yake wala usafi wake.

Utaniambia kuandika PV ni kazi ya OPJ, yule ofisa aliyepewa mamlaka ya upelelezi, na ni kweli. Ordonansi ya tarehe 3 Julai 1978 ndiyo imepanga kazi yake. Wewe utaanza chini, utasimama njia panda, utalinda lango. Lakini OPJ hayupo jambo linapotokea. Anafika baadaye na kalamu, anakugeukia wewe uliyekuwepo: ilikuwaje? Ukisema "watu walikuwa wengi, kulikuwa na fujo", hayo ndiyo atakayoandika.

Halafu kuna jambo la lugha, na hapa nisikilize vizuri. Mama wa soko la Kenya, lile la hapa Lubumbashi, atakuja kwako akilia kwa Kiswahili chetu. PV itaandikwa kwa Kifaransa. Katikati uko wewe. Akisema "wameniibia simu", na akisema "wameninyang'anya simu", hayo ni mambo mawili. Wizi mtupu, sheria ya adhabu inaufunga kwa miaka isiyozidi 5. Zikitumika nguvu au vitisho, ni miaka 5 hadi 20. Mama mwenyewe hajui hesabu hiyo, analia tu, na kwa uchungu anaweza kusema lolote kati ya hayo mawili. Ni juu yako kumuuliza polepole: alikushika? Alikusukuma? Alikuonyesha kisu, au uligundua tu mfuko mwepesi ulipofika nyumbani? Nimeona dosiye ambamo kijana wa miaka 19 alipandishwa kutoka kundi la kwanza hadi la pili kwa sababu mtafsiri alikuwa na haraka ya kwenda kula.

Kwa hiyo Kifaransa chako kinyooshe. Kilingala nacho usikidharau. Kambi zetu zimekizoea tangu Force Publique, jeshi la kikoloni la Wabelgiji, na ukitumwa mbali na Katanga hakuna atakayekubembeleza kwa Kiswahili.

Kuhusu dosiye yako mwenyewe, maneno machache. Subiri tangazo rasmi, lisome wewe, usisomewe. Ndilo linalosema umri na masomo yanayotakiwa kwa ngazi gani, maana ajenti wa ngazi ya chini na komisee, ambaye ni ofisa, hawaingilii mlango mmoja. Akademia ya Polisi inayoandaa maofisa iko Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapa hata kwa ndege, basi mama yako ajue mapema. Vyeti kwa kawaida ni vile vile: cha kuzaliwa, diplome, cha tabia njema, cha daktari, kadi ya mpiga kura. Viweke sambamba mezani usome jina lako kwenye kila kimoja, herufi kwa herufi. Kwenye diplome jina la babu lina "w", kwenye kadi ya mpiga kura lina "u". Nimeliona mwenyewe siku ulipokuja kupiga kopi. Rekebisha sasa, wakati hakuna foleni.

Na falanga usitoe. Kuandikishwa hakulipiwi. Atakuja mtu, daima huja, amevaa vizuri, atasema "niko na muntu kule juu". Kaka wa mume wangu aliuza cherehani mbili kwa mtu wa namna hiyo, miaka mingi iliyopita. Mtoto wake hakuitwa hata kwenye kipimo cha macho. Mke wake akashona nguo za watu kwa mashine ya kuazima kwa jirani hadi alipozeeka.

Mbio endelea nazo, sikukatazi. Ila Juni na Julai baridi ya huku inakata vifua, vaa kitu. Lala chini ya neti, kwa maana malaria ikikushika wiki ya daktari, mbio zote za Kasapa zimekwenda bure. Nunua buti mapema, hata za mtumba, uzivae nyumbani mpaka zikubali miguu yako.

Ukishaingia, watakufundisha kupiga saluti na kusimama juani. Hayo utayajua. Mimi ningependa ufike huko ukiwa umeshasoma Katiba, angalau ibara tano. Ya 17 inasema uhuru wa mtu ndiyo kanuni, kumzuia ni jambo la pekee. Ya 18 nimekwambia. Ya 182 inakupa kazi: usalama wa watu na mali zao. Ya 183 inasema polisi ya taifa haina siasa, na hakuna mtu anayeruhusiwa kuigeuza chombo chake. Ya 156 nisome kwa sauti mama yako asikie: polisi akitenda kosa, anahukumiwa na mahakama ya kijeshi. Unavaa sare ya huduma ya kiraia, lakini siku ukikosea utasimama mbele ya wanajeshi. Nilipoigundua mara ya kwanza nilidhani ni kosa la mpiga chapa.

Najua unachofikiria: mama mdogo anasema karatasi, polisi wa njia panda wanasema njaa. Mshahara mdogo nimeuona kwenye viatu vya wale walioniletea dosiye, vingine vilikuwa vibaya kuliko vyako. Sina dawa yake. Lakini yule wa herufi za mchele alikuwa na mshahara ule ule.

Basi tufanye hivi. Jumapili, kabla hatujagombana, ulitusimulia ule ugomvi wa majirani zenu juu ya waya wa umeme. Ulituchekesha sana: ngazi ikaanguka, mbwa akakimbia, mtu mmoja akapigwa, watu wengi wakatoka nje usiku. Niandikie hiyo. Ukurasa mmoja, kwa Kifaransa, saa mwanzoni. Ngazi ilikuwa ya nani. Nani alipiga, kwa mkono au kwa kitu. Wewe ulisimama wapi, na taa iliwaka wapi. Ulichokiona weka mbali na ulichosikia. "Mtu mmoja" sitaki, ana jina. "Watu wengi" sitaki, wahesabu.

Chini kabisa weka kile kiapo, lakini usitie sahihi kabla hujasoma tena kuanzia juu.

Niletee Jumapili ijayo. Nitapika samaki wa tomson, na sombe uliyoiacha nitakupikia nyingine. Mama yako ameniambia usiku ule alikuwa dirishani tangu mwanzo hadi mwisho. Ukishanipa karatasi, nitamuuliza na yeye.

Mama mdogo wako