Barua kwa mwanangu aliye jeshini

Kidia, Old Moshi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mama yako kifua kimeachia, mvua imenyesha vizuri, na migomba ya kando ya mfereji imebeba. Ujumbe wako nimeusoma. Nimeona nisikujibu kwa simu, kwa sababu jambo lenyewe ni refu na nyumba yetu siku hizi haikosi wageni wenye masikio.

Unaniuliza ufanye nini. Baba mkubwa anataka uje kwenye ibada yake ya shukrani umevaa magwanda na nyota zako begani, usimame naye kanisani, upigwe naye picha. Baba mdogo naye amekupigia akuombe uzungumze na wajumbe wa chama unaofahamiana nao, uliosoma nao hapa. Wote wawili wanautaka udiwani alioacha diwani wetu aliyefariki, na kila mmoja anakwambia usipomsaidia utakuwa umemkana.

Unajua ugomvi huu haukuanzia kwenye kura za maoni. Kaka yangu ni kifungua mimba. Tangu babu yako afariki yeye ndiye anayesimama mbele ya ukoo, yeye ndiye anayegawa nyama. Mdogo wangu ni kitinda mimba, amebaki kwenye kihamba, shamba la nyumbani la babu, kama desturi yetu inavyotaka, na watu wakiwa na shida wanakwenda kugonga pale pale walipozoea kugonga. Mmoja anasema uongozi ni wa mkubwa. Mwingine anasema uongozi ni wa aliyebaki na watu. Mimi wa katikati nawaelewa wote, na ndiyo maana silali vizuri.

Nataka nikusimulie habari ya yule mzee wetu aliyekuwa askari wa Mangi Rindi, mtawala wa hapa Old Moshi. Uliisikia utotoni kwenye matanga, lakini ulisikia kipande cha kujisifia tu. Mwaka 1891 Wajerumani chini ya Wissmann walipokwenda kumpiga Mangi Sina wa Kibosho, Rindi alitoa askari wake wawasindikize, na mzee wetu alikuwamo. Hapo ndipo wasimuliaji wa ukoo huinua sauti: alivuka Mto Karanga na ngao yake, hakurudi nyuma. Hawasemi kwamba mkewe alikuwa mtoto wa Kibosho. Ndani ya boma la Sina walikuwamo shemeji zake, watu waliokunywa naye mbege siku ya mahari.

Babu yako alinisimulia kilichofuata, naye aliambiwa na mama yake. Mzee alirudi na ng'ombe wa mateka. Mkewe akatoka, akamtazama ng'ombe, akamtambua. Alikuwa na pembe moja iliyopinda kuelekea jicho. Hakulia wala hakumsema mumewe. Alikwenda kukata majani kama kawaida, akarudi na mzigo kichwani, akawagawia ng'ombe wote wa zizini, yule wa Kibosho akampita. Kesho yake vilevile. Ng'ombe akalia njaa usiku kucha, mzee yuko kitandani anasikia, na mwanamke hanyanyuki. Mwishowe mzee akachuma isale, jani letu la kuombea msamaha, akamfungua yule ng'ombe gizani, akampeleka hadi kwa wakwe zake, akijua kwamba Mangi akisikia hatakuwa na pa kujificha.

Mimi namheshimu kwa safari ile ya usiku kuliko kwa vita. Kwenye vita alikwenda na wenzake wote, ametumwa. Kwa wakwe alikwenda mwenyewe, na jani la isale mkononi.

Na wale wakubwa walioshindana, waliishia wapi? Rindi alifariki mwaka uleule wa 1891, mwanawe Meli akatawala akiwa bado kijana. Mwaka 1892 askari wa Meli waliwashinda Wajerumani, kiongozi wao von Bülow akauawa. Mwaka uliofuata Wajerumani wakarudi na nguvu kubwa zaidi, Meli akashindwa. Kibosho nako, baada ya Sina kufa, utawala ukafika kwa mwanawe Molelia. Watoto wa mahasimu wawili, mwanangu. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani wakawanyonga wote wawili siku moja hapa hapa Old Moshi, pamoja na Ngalami wa Siha na viongozi wengine, kwa tuhuma za kupanga uasi. Fitina za mamangi kwa mamangi zilikuwamo ndani ya tuhuma hizo, na Marealle wa Marangu ndiye anayetajwa zaidi. Hadi mwaka 2023 kule Berlin walikuwa bado wanapima vinasaba vya mafuvu yaliyochukuliwa huku, wakakuta moja ni la Akida, mshauri wa Meli. Nilipoisikia habari hiyo nilimfikiria sana huyo mshauri kuliko Mangi mwenyewe. Yeye hakuwa mtawala. Alikuwa mtu wa kusimama pembeni ya mtawala.

Sasa wewe. Umeapa, na mimi nilikuwepo uwanjani nikikutazama. Katiba yetu, ibara ya 147, inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama cha siasa. Imekuachia haki ya kupiga kura, basi. Gwanda lile si la ukoo wetu. Ukilivaa kwa ajili ya picha ya baba mkubwa, mjumbe wa mtaa wa pili ataona jeshi limekuja kumwambia amchague nani. Usilivae. Na wajumbe usiwapigie, hata yule rafiki yako wa darasa moja.

Najua kinachokutesa zaidi ni ada. Miaka ile kahawa haikutulipa chochote, baba mkubwa ndiye aliyekulipia kidato cha tano na cha sita, na amekukumbusha. Nilipoona ujumbe aliokutumia nilikwenda kwake jioni ileile. Shangazi yako alikuwepo. Nikamwambia: kaka, ile ada ulinisaidia mimi, nami nitakushukuru hadi nife, lakini hukumnunua mtoto. Alinyamaza. Tangu siku hiyo hajatuma mtu kuchukua maziwa, na mama yako ananilaumu kwamba nilisema kwa ukali. Nilisema kwa ukali, ndiyo. Nitakwenda tena na isale, kwa sababu ni kaka yangu, lakini maneno yale siyafuti.

Desemba njoo kama kawaida. Vaa suruali yako na shati, shuka Kiboriloni, nitamtuma mdogo wako akupokee. Anza kwa baba mkubwa maana ndiye mkubwa, kisha siku hiyohiyo, kabla jua halijazama, nenda kwa baba mdogo, usije ukalala umeingia nyumba moja tu. Mama yako anasema ukinunua vitenge vya mama zako hao wawili viwe vya bei moja, kwa sababu wataulizana. Na yeyote kati yao akikupigia tena kuhusu kura, mjibu kwamba baba amekataza. Waje wanigombeze mimi, nipo nyumbani kila siku.

Baba yako