Barua kwa kampuni ya bima: Mama yangu hakuwa abiria

Kwa Meneja,
Idara ya Madai,
Ofisi ya Mombasa.

Kwa Bwana au Bibi,

KUH: KUKATALIWA KWA FIDIA YA MAMA YANGU, AJALI YA BAMBURI MTAMBO, MACHI 2022

Ninaandika kwa niaba ya mama yangu mzazi, aliyegongwa na matatu ambayo stika ya bima kwenye kioo chake ilikuwa yenu. Barua yenu ya wiki iliyopita nimeisoma mara nne, mara mbili nikimsomea yeye kwa sauti. Mnasema hamtalipa kwa kuwa siku hiyo matatu ilibeba abiria 19 badala ya 14, na kwa kuwa mwenye gari hakuwaarifu kuhusu ajali. Nazikataa sababu zote mbili. Nalalamikia pia jinsi mlivyotuzungusha kabla ya kutupa hata jibu hilo.

Mama hakuwa ndani ya matatu. Alisimama kando ya barabara, ndoo ya unga miguuni, akisubiri kuvuka. Dereva alikuwa akiikwepa tuktuk, akaacha lami, akamfuata pale alipo. Mfupa wa paja la kulia ulivunjika sehemu mbili, akatiwa chuma, akalala wodini wiki saba. Kabla ya hapo alikuwa akiamka saa tisa usiku kukanda mahamri na kuchemsha mbaazi, na ndivyo alivyotusomesha sote wanne. Leo hawezi kusimama mbele ya jiko hata robo saa.

Kesi ilikwenda miaka miwili. Hakimu aliona fomu ya polisi ya majeruhi (P3) na ripoti ya daktari, akasikiliza mashahidi, na Novemba 2024 akaamua kuwa kosa ni la dereva na mwenye gari kwa asilimia 100. Fidia ni Sh1,240,000, pamoja na gharama za kesi na riba. Hakuna aliyekata rufaa.

Sasa abiria 19 wanamhusu nini aliyekuwa amesimama chini? Sheria ya Bima ya Magari kwa Madhara ya Watu Wengine, Sura ya 405 ya Sheria za Kenya, imelijibu swali hilo. Kifungu cha 16 kinataja masharti ambayo kampuni haiwezi kujikinga nayo mbele ya mtu aliyeumizwa: umri au afya ya dereva, hali ya gari, uzito wa mzigo, saa na maeneo ya kutumia gari, na idadi ya watu waliobebwa. Idadi ya watu imetajwa waziwazi. Mkilipa, sheria inawaruhusu kumdai mwenye gari fedha hizo. Mdaini yeye, ndiye aliyewavunjia masharti, na ndiye aliyepokea nauli za wale watano wa ziada. Hata kule kutowaarifu ni kosa lililotokea baada ya ajali, na sheria hiyo hiyo hairuhusu kosa la namna hiyo limnyime haki aliyeumia.

Kifungu cha 10 kinawataka mlipe hukumu hata pale mnapokuwa na haki ya kuifuta bima yenyewe. Kikomo cha wajibu huo ni Sh3,000,000 kwa mtu mmoja. Fidia ya mama haifiki hata nusu yake. Na kama mliamini bima ilipatikana kwa uongo, mlikuwa na njia ya kwenda kortini kuomba tamko kwamba mna haki ya kuifuta, kabla ya kesi ya mama kufunguliwa au ndani ya miezi mitatu baadaye. Wakili wetu aliwapa notisi kabla hajafungua kesi, na nakala tuliyo nayo ina muhuri wenu wa kupokea. Hamkwenda kortini.

Nimefika ofisini kwenu mara sita. Naambiwa faili iko Nairobi. Nikipiga simu Nairobi, faili iko kwa mawakili. Tukaenda kwa mawakili wenu, mama akipanda ngazi hadi orofa ya tatu kwa mkongojo, tukaketi muda wa saa mbili. Mezani palikuwa na jarida lao la habari za sheria, nikalisoma ili muda upite. Ndani yake waliwaeleza wateja wao, kwa lugha nyepesi kabisa, kwamba kampuni ya bima haikwepi kumlipa mtu wa kando kwa sababu ya makosa ya mteja wake. Basi mnalijua hili, na mmeshauriwa.

Kisha akatoka karani, bila karatasi yoyote, akatuambia tukikubali laki nne tutalipwa upesi. Mama aliniuliza, "Mwanangu, kwani hakimu aliandika laki nne?" Sikuwa na la kumjibu. Katika yote mliyotutendea, hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nawakumbuka waliobaki na hukumu zisizolipwa mikononi kampuni ya bima ya United Insurance ilipowekwa chini ya usimamizi mwaka 2005, na Blue Shield mwaka 2011. Kama nanyi mna shida ya fedha, mwambieni mama ukweli, na muiambie Mamlaka ya Udhibiti wa Bima. Msiwasingizie abiria.

Nataka hukumu ilipwe yote, na riba yake, ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Mkiendelea kukataa, nipeni kwa maandishi kifungu cha sheria mnachokitegemea. Nakala ya barua hii naipeleka kwa Mamlaka, na wakili wetu ana maagizo ya kufungua kesi dhidi yenu wenyewe siku ya kumi na tano.

Daktari anataka chuma kitolewe mguuni mwa mama kabla ya mwisho wa mwaka huu. Gharama ya upasuaji huo hakimu aliiweka ndani ya zile Sh1,240,000. Hatuna fedha nyingine za kuulipia.

Wenu,
Binti wa mdai
Bamburi, Mombasa